Sosi ya Asali Iliyochemka

Wiki iliyopita niliwaacha korongoni, kule kwetu Gulwe. Mvua inapiga, mkono wangu wa kushoto umevunjika, na mume wangu Nikodemo ameshanisukuma kwenye maji na kuondoka zake bila kugeuka nyuma.

Wengi mmeniuliza nilitokaje. Nilitoka kwa kushika mizizi na kumeza matope. Mama yangu ndiye aliyenikuta. Alinificha siku tisa kwenye banda la mbuzi, huku mbele ya nyumba watu wamekaa matanga yangu. Niliwasikia wakinililia. Nikodemo alilia kuliko wote.

Mama hakumwambia mtu. Alijua nikionekana niko hai, nitauawa mara ya pili. Siku ya kumi akanipandisha lori la alizeti linalokwenda mjini. Binti yangu Gladness alikuwa na miaka minne. Alibaki kwa bibi yake, naye akaambiwa kama walivyoambiwa wengine, kwamba mama yake amechukuliwa na maji.

Dodoma mjini nikajiita Emilia. Penina nilimwacha korongoni.

Leo nasimulia siku niliyopika samaki anayeitwa samoni, na nilichofanya kwa sosi yake. Nitasema yote. Najua baadhi yenu mtanichukia.

Aliyenipokea ni Mama Mwantum, Mrangi wa Kondoa, mwenye mgahawa wake Ipagala. Hakuniuliza natoka wapi. Aliutazama mkono wangu ulioanza kuunga vibaya, akasema, "Kuosha vyombo unaweza?"

"Naweza, mama."

"Basi ingia."

Nilianza kwa vyombo, nikaenda kwenye ugali na mboga, na mwaka wa tatu nikawa mpishi wa pili. Mpishi wa kwanza aliitwa Batholomeo, Mgogo mwenzangu, mrefu, mkimya, mkono wake mwepesi kupita kiasi. Ukiunguza wali unapigwa upawa. Ukikosea chumvi unapigwa upawa. Akishakupiga anaendelea kukatakata vitunguu kama hakuna lililotokea.

Nilimvumilia. Nilikuwa nimetoka kwa mtu aliyenipiga na mpini wa jembe. Upawa niliuona kama salamu.

Alhamisi moja akaja dada mmoja amevaa vizuri, mpole, anafanya kazi ofisini upande wa Chimwaga. Jina lake Hilda.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Mama Mwantum.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Jumamosi mchana nina wageni kumi na wanne. Mchumba wangu anakuja na ndugu zake kujitambulisha kwa wazazi wangu. Nyumbani mafundi wamebomoa ukuta, hakukaliki. Nataka tulie hapa. Na nataka samoni."

Batholomeo akatoa kichwa dirishani. "Samoni hatuna, dada. Sato wapo, perege wapo."

"Samaki nitamleta mwenyewe. Nimeagiza Dar, anakuja kwenye barafu. Nataka mtu wa kumpika tu, nitamwelekeza."

Batholomeo hakupenda kuelekezwa. Alininyooshea kidole. "Mwelekeze huyo."

Kesho yake Hilda akaja na kipande kimoja cha kujaribia. Nilishangaa rangi yake. Ilikuwa kama nyama ya papai lililoiva, mafuta yamepita katikati kama mistari ya daftari. Hilda alinieleza kwamba samaki huyo alimjua alipokuwa masomoni Ulaya, kwa mama mmoja aliyempangisha chumba.

"Mkaushe kwanza," alisema, akinipa kitambaa safi. "Akiwa na maji hakaangiki, anachemka. Chumvi kidogo. Ngozi chini, kikaango kiwe cha moto kweli, halafu usimguseguse."

Tukaja kwenye sosi. Asali ya Kondoa tulikuwa nayo ya kutosha, Mama Mwantum analetewa na kaka yake. Tukaimimina sufuriani. Tukatia kitunguu saumu kilichopondwa, tangawizi, pilipili kichaa sita, soya sosi, na ndimu mwishoni. Ikachemka ikawa nzito, inavutika kama ulimbo. Tukampaka samaki kwa brashi, tukamrudisha kwenye oveni, tukampaka tena, mpaka akang'aa kama meza iliyopigwa vanishi.

"Sosi hii usiiamini," Hilda alisema. "Utaona imetulia, kumbe ndiyo moto wenyewe. Maji ya moto yakikumwagikia yanateremka. Hii inakushika."

Tulikula kile kipande tumesimama, mimi na yeye, kwa vidole. Kwanza ni tamu. Halafu pilipili inakuja taratibu mpaka masikio yanapata joto. Tulicheka huku tunafuta machozi.

"Mchumba wako anapenda pilipili?" nilimuuliza.

"Huyo? Samoni mwenyewe hamjui." Akacheka, halafu akapoa. "Ni mgane, dada Emilia. Amepitia mazito. Ukimwona huwezi kujua."

"Mungu amtie nguvu," nilisema.

Nilisema kwa moyo wangu wote. Sikuuliza jina. Ningeuliza jina tu, ningekimbia siku ile ile.

Jumamosi ikafika. Saa tano sufuria mbili za sosi zilikuwa jikoni. Ya kwanza ikaungua. Niligeuka kukausha samaki, dakika moja tu, asali ikawa nyeusi na moshi mchungu ukajaa jiko.

Batholomeo alichukua upawa wa chuma akanipiga kwenye mkono wa kushoto, pale pale ulipovunjikia. Niliona giza. Nikapiga magoti.

"Asali ya watu," alisema. "Inuka."

"Utanivunja tena!"

"Tena? Nani alikuvunja mwanzo?"

Niliinuka nikaosha sufuria kwa mkono mmoja, nikaanza upya. Ndani yangu kitu kilikuwa kimewaka, na sitadanganya, kiliendelea kuwaka mpaka lile lililofuata. Nikikaa nikiwaza, nashindwa kujua ni kiasi gani cha hasira ile kilikuwa cha Nikodemo na kiasi gani kilikuwa cha upawa.

Saa saba wageni wakaketi. Nusu ya samaki walikuwa tayari, nusu bado nawapaka. Wahudumu walizidiwa. Mama Mwantum akaingia mbio.

"Emilia, shika sinia hili, mpelekee baba wa bibi harusi. Haraka!"

Nikafunga kilemba vizuri, nikashika sinia. Nilipofika mlango wa ukumbi, mshenga wa upande wa mwanaume alikuwa amesimama anazungumza. Sauti yake niliijua kabla sijamwona uso. Alikuwa Abeli, binamu wa mume wangu.

"Hatufichi kitu, wazee wangu," alikuwa anasema. "Kijana wetu alishaoa. Lakini mvua ya Gulwe ilimchukua mke wake. Tulitafuta siku tatu, hata mwili hatukuupata. Tukaanua matanga bila kaburi."

"Poleni sana," watu walijibu.

"Tumeshapoa. Ndiyo maana leo tuko mbele yenu."

Pembeni yake alikaa Nikodemo, suti ya kijivu, kichwa ameinamisha. Anajua kuinamisha kichwa. Hilda alikuwa amemshika mkono mezani.

Sikuangusha sinia. Samaki wa watu haangushwi. Nilitembea mpaka kwa mzee aliyekaa mwisho wa meza, Mzee Stanley, baba yake Hilda, mwenye fimbo na kola iliyopigwa pasi. Nikaweka sinia mbele yake.

"Karibu, baba," nilisema.

Maneno mawili tu. Uma wa Nikodemo ukaanguka kwenye sahani.

Nikageuka nikarudi jikoni bila kukimbia. Batholomeo alikuwa uani anabadilisha mtungi wa gesi, jiko moja lilikuwa limezimika. Kwenye jiko la pili sufuria ya sosi ilikuwa inachemka polepole. Nikashika meza. Nikajiambia, toka kwa mlango wa nyuma, Penina. Toka sasa hivi.

Mlango wa mbele ukafunguka, ukafungwa.

"Wewe ni mtu au nini?" Nikodemo aliuliza.

Alikuwa amepauka midomo. Alinyoosha kidole akanigusa shavu, kama mtu anayejaribu pasi.

"Ni mtu," nilisema.

"Nani anajua?"

Hakuuliza nilitokaje. Hakuuliza niliumia kiasi gani. Aliuliza nani anajua.

"Watu wote pale mezani watajua," nilisema. "Naenda kuwaambia."

"Mama yako alijua?"

Nikautazama mlango wa nyuma.

"Yule bibi alijua! Akakaa na mimi matangani, akanipikia uji, anajua!" Akasogea. "Kesho naenda Gulwe. Namchukua mtoto wangu. Na yule bibi nitamwonyesha kilichokukosa wewe korongoni."

Nilimtemea mate usoni.

Hapo akanikaba. Mikono miwili, vidole gumba mbele. Alinisukuma mpaka mgongo ukagonga kabati la vyombo, sahani zikaporomoka zikavunjika. Nilimpiga mateke, akazidi kubana. Nilimkwaruza, akazidi kubana. Nilisikia masikio yananguruma, nikaona taa ya jiko inakuwa ndogo, ndogo, kama iko mwisho wa bomba.

Hayo nimeyasema polisi na ni kweli. Alama za vidole daktari alizipiga picha.

Sasa nasema ambalo polisi sikuwaambia mara ya kwanza.

Aliniachia.

Aliniachia mwenyewe. Hakuna aliyemvuta. Mikono ililegea, akarudi nyuma hatua mbili, akaegemea meza kwa viganja, akanipa mgongo nusu. Akaanza kulia.

"Nilirudi, Peni," alisema. "Asubuhi yake nilirudi korongoni kukutafuta. Nilikuita. Haki ya Mungu nilikuita."

Mimi nilikuwa chini nakohoa. Nilisimama kwa kushika ukingo wa jiko. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, hatua nne. Ningeweza kutoka. Batholomeo alikuwa uani, ningeweza kumwita. Nilikuwa na pumzi ya kuita.

Lakini kilio kile nilikijua. Nilikijua tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Alilia aliponing'oa jino, akaniletea soda. Alilia aliponivunja mbavu, akaniletea doti ya khanga. Alilia kwenye matanga yangu nikimsikia kutoka kwenye banda la mbuzi. Kila alipolia, siku zilizofuata zilikuwa mbaya zaidi.

Nilishika mishikio ya sufuria bila kitambaa. Viganja viliungua, sikusikia. Nikainua, nikammwagia.

Ilimpata shingoni, shavuni, na ukosi wote wa suti ya kijivu. Ilikuwa kimya kwa muda wa kuhesabu moja. Halafu alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu wala mnyama. Alijifuta kwa mikono, asali ikamshika na mikono. Alipovuta vidole, ngozi ilikuja navyo.

Batholomeo aliingia kama mshale. Alimkamata Nikodemo kiunoni, akamburuta mpaka kwenye sinki, akafungulia bomba na kumbana kichwa chini ya maji huku yule akirusha mateke na kulia.

"Tulia! Tulia nikupoze! Ukitoka hapa unakufa!"

Mimi nilibaki na sufuria tupu. Nikatazama mlango wa mbele. Ulikuwa wazi kidogo. Hilda alikuwa amesimama pale, mkono mdomoni.

Sikujua amefika lini.

Nyuma yake wakaja wanaume. Wa kwanza Abeli. Aliniona, akasimama kama amegonga ukuta.

"Shemeji?" alisema. "Shemeji Penina? Si tulikulilia sisi?"

Wote wakanigeukia.

"Shemeji wa nani?" Mzee Stanley aliuliza.

Midomo ya Abeli ilikuwa inacheza tu. Aliyejibu ni mimi.

"Mimi ndiye yule mke aliyechukuliwa na maji, baba. Alinivunja mkono, akanitupa korongoni."

Matonya, kaka yake Hilda, hakungoja zaidi. Alinyakua kigoda akampiga nacho Abeli begani. "Mmekuja kutuuzia muuaji!" Abeli akaanguka juu ya vigae vya sahani, akainuka uso una damu, akamrukia. Wakaangushana mpaka ukumbini, meza ikapinduka, samoni waliokuwa mezani wakawa chini wanakanyagwa. Wanawake walipiga kelele. Mtu alirusha chupa, ikampata Mama Mwantum pajani.

Mzee Stanley, mtu wa kanisani, aliingia jikoni pole pole. Alimkuta Nikodemo ameinama kwenye sinki, maji yanamtiririka, ngozi ya shingo imekunjamana. Mzee akainua fimbo yake akampiga mgongoni. Akampiga tena. Ya tatu Batholomeo aliidaka kwa mkono.

"Mzee, ameshapata," alisema.

"Hajapata," mzee alijibu, huku analia.

Polisi walitukuta hivyo.

Nikodemo alipelekwa hospitali. Mimi nilipelekwa hospitali pia, wakanifunga viganja, wakapiga picha shingo yangu, kisha kituoni, nikaandikisha kwamba nilikabwa na sikusema zaidi. Nilikaa kwenye benchi la korido, askari mmoja mlangoni. Saa kumi jioni Batholomeo akaruhusiwa kuniletea maji. Akainama sikioni kwangu.

"Shingo unayo alama. Sema alikuwa bado kakukaba. Umenielewa?"

"Wewe hukuwepo."

"Ndiyo maana nakuambia useme wewe." Akautazama mkono wangu, bluu kwenye kiwiko, pale alipopiga yeye. "Hii nayo utasema ni yake."

"Hii ni yako, Batholomeo."

Alikaa kidogo, akanywa yale maji aliyoniletea mimi, akaondoka. Mpaka leo sijui kama alikuja kwa ajili yangu au kwa ajili ya upawa wake.

Halafu akaja Hilda.

Nguo yake nyeupe ilikuwa na madoa ya sosi mpaka magotini. Alifika mbele yangu, akanitandika kofi. Kichwa kikagonga ukuta. Askari akasogea, Hilda akamwinulia mkono, akaketi kando yangu kama mtu aliyechoka safari.

"Jana tulikula pamoja kwa vidole," alisema. "Ulijua?"

"Sikujua. Haki ya Mungu. Jina hukulitaja."

"Wewe jina lako nani?"

"Penina."

"Madaktari hawajui kama jicho la kushoto litaona tena."

Nilitaka kufurahi, furaha haikuja. Nilitaka kusikitika, nayo haikuja. Nilisikia harufu ya asali tu, kwenye bandeji zangu na kwenye nguo yake.

"Nilikuwa mlangoni," Hilda alisema kwa sauti ya chini.

"Tangu lini?"

"Tangu aliposema anaenda Gulwe. Miguu ilikataa. Nilimwona anakukaba, nikashindwa hata kupiga kelele." Alimtazama askari kwanza. "Halafu nikaona mikono yake imeshuka. Nikamwona anaegemea meza. Analia."

Basi. Kuna mtu aliona.

"Utasema?" nilimuuliza.

Alipandisha mkono wa nguo yake taratibu, askari asione. Juu ya kiwiko palikuwa na kovu jipya, lenye ncha, la moto wa pasi.

"Pasaka," alisema. "Nilichelewa kupokea simu. Alilia vile vile, Penina. Maneno mengine kabisa, ila kilio ni kile kile. Alisema ni uchungu wa marehemu mke wake. Nikamsamehe kwa ajili yako."

Nilitaka kumshika mkono, viganja vyangu vilikuwa mabonge ya bandeji.

"Nina binti Gulwe," nilisema. "Ana miaka saba. Nikifungwa, Nikodemo akipona, atakwenda kumchukua."

"Najua. Nilisikia alichosema kuhusu mama yako."

Mlango wa ofisi ukafunguliwa. Afande Asma, mwanamke wa makamo, mfupi, asiyepepesa macho, akatoa kichwa.

"Emilia au Penina, yeyote uliye. Na wewe shahidi. Njooni wote wawili."

Tuliingia. Meza, faili, kalamu ya wino wa buluu. Tukaketi upande mmoja, mabega yanagusana.

"Nimesoma ya daktari," Afande Asma alisema. "Kukabwa, sina shaka, umekabwa. Mtu anayekabwa akijitetea kwa alichonacho, sheria inamsikiliza. Lakini mtu aliyeachiwa, mlango uko wazi, akachukua sufuria akamwagia mtu aliyempa mgongo, hiyo ni habari nyingine. Na majeruhi kule hospitali ameweza kusema maneno mawili. Amesema, 'Nilikuwa nimeshamwachia.'"

Hilda hakutikisika.

Nikamwaza Gladness. Nikamwaza mama yangu akimpikia uji muuaji wa mwanawe, siku tisa, bila kutetemeka mkono. Alisema uongo mkubwa kuliko wote ili niishi. Na mimi tangu wakati ule nimeishi ndani ya uongo ule, kwa jina la mtu mwingine, nikipigwa upawa na kunyamaza. Niliona nimechoka kuwa Emilia. Niliona hata kama ni gerezani, niende na jina langu na jambo langu kama lilivyo.

"Swali ni moja tu," Afande Asma alisema, kalamu tayari. "Ile sosi ilipomwagwa, mikono ya yule mwanaume ilikuwa shingoni kwa huyu mama, au haikuwa?"

"Ilikuwa," alisema Hilda.

"Haikuwa," nilisema mimi.

Tulisema kwa pamoja, maneno yakagongana hewani. Hilda akanigeukia, macho yamemtoka. Nilimwona anaelewa nilichofanya, na mimi nikaelewa alichokuwa amenifanyia, na wote wawili tulikuwa tumechelewa.

Afande Asma aliweka kalamu chini. Alimtazama Hilda, akanitazama mimi, akamtazama Hilda tena. Kisha akainuka, akazunguka meza, akafunga mlango kwa komeo.

"Kutoa ushahidi wa uongo ni kosa," alisema, akirudi kuketi. "Kwa hiyo mmoja wenu leo halali nyumbani kwake. Haya. Semeni ni nani."